Mke Wangu Kasyoka na Klipu ya Mwalimu Festus

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Riyadh na wa Jeddah! Asiyetaka kuniitikia anyamaze, nitamsifu peke yangu. Sababu ninayo.

Mimi ni Ndunge, yule mnayeniita Shosho, nyanya yenu. Kwetu ni Ukambani. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta neno limepinda, linyosheni mkisoma. Naandika kwa sababu nikisimama kusema nitapiga kelele, na chumba chetu cha maombi cha Shumaisi hakitaki kelele. Ukuta ni mwembamba na jirani ana masikio. Karatasi hii isomwe, isipigwe picha, isitumwe kwa grupu. Nimeshaona vitu vikitumwa kwa grupu.

Nashuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa. Na nitasema aliniokoa na nini, mpende msipende. Aliniokoa na midomo yenu.

Niliolewa na Mutisya nikiwa msichana. Alikuwa mtu mpole. Tulikaa, tukangoja, mtoto hakuja. Nikapelekwa kwa waganga, nikapelekwa hospitali, nikanywa mizizi mpaka ulimi ukawa mchungu. Mtoto hakuja. Mutisya akafa. Hata udongo wa kaburi haujakauka, shemeji zangu Kioko na Maingi wakaanza kupitapita shambani wakipima kwa macho. Mwanamke asiye na mtoto kwetu ni mgeni aliyechelewa kuondoka!

Wazee wa ukoo wakaniambia nifanye kama walivyofanya nyanya zetu. Kwetu mjane asiye na mtoto anaweza kwenda kwa wazazi wa msichana, akatoa mbuzi na mahari, msichana akaja kuzaa watoto katika nyumba ya marehemu. Watoto wanaitwa kwa jina la yule bwana. Msichana huyo tunamwita iweto. Watu wanasema, Ndunge ameoa. Wangu ni Kasyoka. Yeye ananiita Mwaitu, yaani mama. Alilala nyumba yake, nami nikalala yangu, na kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na banda la mbuzi na uwanja wa kuanikia mahindi. Baba wa watoto alikuwa mtu wa ukoo wa Mutisya, aliyefiwa na mkewe kama mimi nilivyofiwa, wazee walimjua na walimkubali. Nyumba ikajaa. Mutisya mdogo, Mwende, Musembi, na wa mwisho akapewa jina langu. Kioko na Maingi wakarudi kwao.

Hayo yote yalikuwa kabla sijaokoka. Nilipookoka nilimwambia Mchungaji Mbithi kila kitu, sikuficha hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, mila hiyo usimfundishe mtu mwingine. Lakini huyo mama na watoto wake usiwatupe. Hao ni nyumba yako, na Mungu atakuuliza habari zao." Nikatii. Ndiyo sababu nilikuja huku, ndugu zangu. Nilikuja Saudia ili watoto wa Kasyoka wavae viatu waende shule.

Nimezeeka katika nyumba moja ya Riyadh. Nimemlea Nasser, nimemlea Reem, nimemlea Fahad na Lulwa, na sasa nawabeba watoto wa Nasser. Na Ijumaa nikipewa ruhusa, nakuja kwenu na chupa yangu ya chai, nakaa mlangoni kwa sababu magoti hayakunjiki vizuri. Mnanijua. Hakuna hata mmoja wenu ambaye hajanywa chai yangu.

Sasa sikilizeni mliyonitenda.

Mwalimu Festus ni dereva wa lori, anabeba mizigo kwenye maghala ya Sulay. Si mwalimu wa shule, tulimpa jina hilo kwa sababu ya kinywa chake. Kijana amejaliwa maneno! Akiendesha lori anasikiliza midahalo kwa simu, Ijumaa anakuja kutufundisha jinsi ya kuitetea imani. Nilimpenda. Shati lake la kaki nimelitia viraka kwa mikono hii.

Ijumaa ile mada ilikuwa ndoa ya jinsia moja. Mwalimu alisema dunia nzima inabishana juu yake, na Mkristo asiyejua kujibu atameza kila kitu. Nikasema amina. Ilikuwa kweli, na mpaka leo ni kweli. Utaratibu wetu mnaujua: mmoja anapewa kazi ya kushika upande wa pili, anabisha kwa nguvu zake zote, na Mwalimu anamjibu mpaka amshinde. Siku hiyo alipewa Wanjala, yule mlinzi. Naye Wanjala hapendi kushindwa hata kwenye mchezo.

Mwalimu akasema Afrika haijawahi kujua jambo kama hilo, limetoka nje. Wanjala akakwama. Akaangalia dari, akaangalia miguu yake, kisha akaniangalia mimi. Nikaona meno yake.

"Mwalimu, unasema Afrika haijui? Na Shosho hapa je? Si ana mke kwao, alituonyesha picha?"

Chumba kikavunjika kwa kicheko. Nawakumbuka waliocheka. Rosebella, ulicheka mpaka ukashika ubavu. Kilonzo, wewe ni Mkamba, ulijua ukweli wote, ukacheka! Mercy wa Jeddah, aliyeletwa Riyadh na bosi wake wiki hiyo, naye akacheka. Nilingoja Mwalimu amnyamazishe Wanjala. Kumbe Mwalimu alikuwa ameona anashindwa mbele ya watu, na simu yake ilikuwa inarekodi.

Nikasema, "Festus mwanangu, hicho ni kitu kingine."

"Shosho, jibu tu. Ulitoa mahari?"

"Nilitoa."

"Kwa ajili ya mwanamke?"

"Nilimpa baba yake, Nzioka. Mahari hutolewa kwa..."

"Na wewe Shosho ni mwanamke?"

Wakacheka tena. Mtoto ambaye ningeweza kumzaa, au tuseme angezaliwa na niliyemtolea mahari, ananiuliza mimi kama ni mwanamke!

"Halas, yatosha!" akasema. "Ndugu, dhambi haina umri. Mwanamke aliyeoa mwanamke yuko katikati yetu, ameketi mlangoni na chupa ya chai. Atubu!"

Na mkapiga makofi. Chai yangu ikiwa bado tumboni mwenu.

Nilikwenda zangu. Nilidhani imeishia pale. Mimi mzee sikujua kwamba Mwalimu aliichukua rekodi ile, maombi na yote, akaituma kwenye grupu la Riyadh, na la Riyadh likatuma kwa la Jeddah. Ndani yake mnasikika mkianza kwa maombi. Anasikika Mwalimu akitaja Shumaisi. Linasikika jina langu. Ndugu zangu, tuko nchi gani? Mlifikiri mko wapi? Hapa jambo hilo mlilonibandika mtu halijibu kwa mdahalo. Analijibu mbele ya polisi! Na maombi yetu yale ya chumbani nayo yanajibiwa pale pale. Mlinitupa shimoni, na kamba mmejifunga wenyewe kiunoni.

Baada ya wiki chache madam, bosi wangu, akataka kwenda Jeddah kwa dada yake, akatuchukua mimi na Mwanakombo. Mwanakombo ni binti wa Lamu, Mwislamu, tunafanya kazi pamoja na tunalala chumba kimoja, na habari za Kasyoka nilishamsimulia. Anaswali upande wake, nami naomba upande wangu, na asubuhi tunagombania birika. Na yule Mercy anafanya kazi kwa huyo dada ya madam.

Mercy alikuwa ameisikiza klipu jikoni, anacheka peke yake. Bosi wake akamuuliza anacheka nini. Mercy hakufikiri. Akasema, "Yule kijakazi mzee wa dada yako ameoa mwanamke." Kwake ulikuwa utani. Dada ya madam hakucheka. Alichukua simu ya Mercy na akaipeleka kwa madam.

Nikaitwa sebuleni, mchana baada ya swala ya alasiri. Madam ameketi, dada yake ameketi, simu iko mezani. Miaka yote hiyo sijawahi kuuona uso wa madam vile. Wakamwita Mwanakombo.

Dada ya madam akamwambia, "Sikiliza, utuambie neno kwa neno. Ukisema uongo, wewe na yeye mtatoka pamoja."

Klipu ikaanza. Nikasikia sauti zenu. Nikasikia maombi. Nikasikia Rosebella akicheka. Nikakaa chini kwenye zulia. Sikuweza kuomba kwa maneno. Nilisema tu moyoni, Bwana, Kasyoka. Bwana, watoto. Basi.

Mwanakombo alisikiza yote. Angeweza kunimaliza, ndugu zangu, na hakuna ambaye angemlaumu. Ana watoto wake Lamu wanaomtegemea. Akasema kwa Kiarabu, polepole ili nami nielewe:

"Madam, hawa ni watu wa kwao wanabishana. Mzee huyu mumewe alifariki bila mtoto. Kwao mjane kama huyo hutoa mahari, binti akaja kuzaa watoto wa nyumba ya marehemu. Binti anamwita mama. Kitanda hakihusiki, wallahi. Hawa vijana wanamcheka tu, hawana adabu."

"Wanabishana wapi?" dada akauliza.

"Kwenye simu, madam. Si hii hapa simu?"

Jina la Shumaisi, lililomezwa nusu na vicheko, hakulitaja. Maombi hakuyatafsiri. Aliyapita kama mtu anayepita kando ya mtoto aliyelala.

Madam akaniangalia. "Ndunge, huna mtoto wa tumbo lako?"

"Mafi, madam, sina. Hata mmoja."

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema. Nyumba nzima inamwita Umm Nasser, mama wa Nasser. Lakini mimi niliyemuogesha Nasser najua ni nani aliyemzaa. Alizaliwa na mke wa pili, Munira, aliyeletwa kwa sababu madam hakupata. Munira alizaa, madam akalea, na watoto wote wanne wanamwita mama.

Madam akaichukua ile simu, akamrudishia dada yake. "Mrudishie kijakazi wako, afute. Kuhusu huyu mzee nisisikie tena." Kisha akaniambia niinuke, niketi kwenye kiti. Kwenye kiti chake, ndugu zangu! Akasema, "Leta picha za watoto wa huyo binti." Nikaleta. Akauliza jina la kila mmoja, nikamtajia, na akayarudia kwa taabu. Musembi lilimshinda. Tukacheka mpaka tukafuta macho, wazee wawili ambao hawajawahi kuzaa.

Huo ndio wokovu wangu. Msifuni Mungu, lakini msimsifu harakaharaka! Ngojeni kwanza.

Niliporudi Riyadh, Mwalimu alinipigia. Alikuwa amesikia. Akasema, "Shosho, nisamehe kama uliumia. Lakini hoja ilikuwa hoja."

Hoja! Nilimwambia nami nawaambia nyote: mimi si hoja. Mimi ni Ndunge wa Mutisya. Jadilini ndoa, sijawakataza. Mimi mwenyewe naamini Mungu aliiweka kwa mume na mke, sijabadilika, na sitabadilika kwa sababu niliaibishwa. Lakini nyinyi hamkutafuta ukweli siku ile. Mlitafuta kushinda, na mlipokosa pa kukanyaga mkanikanyaga mimi. Maandiko hayohayo mnayoyashika yana yule mjane aliyerudi kwao mikono mitupu, mkwewe akazaa, na majirani wakamwekea mtoto mapajani wakasema ni wake. Hakuna aliyemrekodi!

Na kuna jambo lingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mimi niliponyoka kwa sababu sikuwa yule mliyemsema. Je, kama yule angekuwepo kweli? Kama kungekuwa na binti mlangoni pale, mwenye mzigo huo kweli moyoni, amekuja kutafuta Mungu, mngemtuma kwa grupu? Mngemkabidhi kwa polisi huku mkianza kwa maombi? Yeye Mwanakombo angemtafsiria nini? Sasa mimi najua baridi ya ile sebule. Nisimwone yeyote wenu akimpeleka mtu pale, hata kama ana dhambi zote za dunia. Kwa Yesu mtu anapelekwa kwa mkono, si kwa klipu.

Ndugu zangu, ahsante Mungu wangu uliyenitetea kwa kinywa ambacho sikukitegemea. Ahsante kwa Mwanakombo. Siku hizi asubuhi namwachia birika. Na wewe unayesoma, uliyechekwa, uliyetajwa mahali usipoweza kujitetea, mtegemee huyo Mungu. Anaingia hata sebuleni kwa bosi. Njoo kwetu. Kaa karibu nami.

Kwa maana Ijumaa nakuja. Wanjala, Rosebella, Kilonzo, na wewe Festus, nimewasamehe kwa majina, na kwa majina nawaombea. Nitakaa palepale mlangoni na chupa yangu. Festus, ulete lile shati, kiraka cha kiwiko kimeachia. Na simu zenu ziwekwe kwenye ndoo, nje ya mlango.

Mke wangu Kasyoka anawasalimu.