Fremu Zilizokaukia Jikoni kwa Bibi Sophia

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, walimu wangu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzangu. Wakubwa wangu wote, shikamooni.

Naitwa Zuhra Mujibu, wa Kidato cha Tatu, katibu wa Klabu ya Sanaa. Nimepewa heshima ya kusema machache kabla chumba hiki kilicho nyuma yangu hakijafunguliwa rasmi kuwa karakana yetu.

Wazazi wangu, mnakumbuka kikao cha mwezi wa pili? Siku ile ilipendekezwa chumba hiki kiwe stoo ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho ya shule. Mwalimu Oliva, mlezi wa klabu, alisimama akatuombea muda. Kikao kikakubali kwa sharti moja: tupate tuzo katika maonyesho ya shule kule Masasi, ya Juni au ya Oktoba, la sivyo tufungashe patasi zetu.

Tulifanya kazi. Tulichonga tembo, tukachonga tandala, na mimi nikatengeneza kakakuona ambaye magamba yake niliyakata kwenye kibuyu, kipande kimoja kimoja. Fremu tulizitengeneza kwa matawi ya mikorosho yaliyopogolewa, tukayaacha na magome yake, ili mnyama aonekane bado yuko porini. Hapa Newala, penye ukungu na baridi, kila pembe ya fremu ilishikana sawasawa. Juni tukapanda basi tukiimba.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Masasi mnaijua. Joto la kule halina subira. Hadi saa sita mchana pembe zote zilikuwa zimeachia, na kakakuona wangu alikuwa ananing'inia kwa msumari mmoja. Jaji mmoja akaitazama, akauliza, "Binti, hii ni fremu au mtego wa panya?" Watu walicheka. Nami leo naweza kucheka, lakini siku ile niliangalia viatu vyangu tu. Kosa letu lilikuwa nini? Tulidhani mti uliokauka Newala umekauka kila mahali.

Tuliporudi, rafiki yangu Getrude alimweleza bibi yake, Bibi Sophia, ambaye wengi wenu mnamwita Mama Nurdin. Bibi alikuwa anapepeta mtama, wala hakuinua uso.

"Mbegu ya mahindi mnaitunza wapi?" akauliza.

"Darini, bibi, juu ya mafiga," Getrude akajibu.

"Kwa nini?"

"Ikauke, na wadudu wasiitoboe."

"Basi mbegu mmeiweza, mti umewashinda? Na shule mnakwenda kila siku?"

Siku hiyo hiyo tulipeleka matawi mapya kwake. Kwa miezi mitatu yalilala darini mwake kando ya mahindi, na Bibi alipika ugali, akapika kisamvu, akatulalamikia kila tulipopita: "Njooni mchukue msitu wenu, nimechoka kuinama jikoni mwangu." Lakini kila tulipotaka kuyashusha mapema, alitufukuza kwa mwiko.

Oktoba tukashuka tena Masasi na fremu mpya za matawi hayo. Saa sita ikafika, saa nane ikafika, jua likawaka, pembe hazikusogea. Jaji yule yule akaja, akazivuta fremu kwa mikono miwili, kisha akainama akanusa. "Mmepaka dawa gani hapa?" Getrude akamjibu kwa adabu, "Shikamoo mzee. Ni moshi wa kisamvu."

Ndugu wazazi, tulirudi na tuzo ya kwanza. Mkuu wa Shule aliposikia alisema neno moja tu: "Salfa itafute pengine pa kulala." Mkuu wangu, neno hilo tumelichonga juu ya mlango, mtalisoma mkiingia. Na ukutani, mahali pa kwanza pa kutazama, tumetundika ile fremu iliyoachia, ili wadogo zetu wajue tulikotoka.

Mwalimu Oliva, ulisimama peke yako katika kikao kile. Tunakushukuru, sasa tumesimama nawe.

Ratiba inasema utepe utakatwa na mgeni rasmi. Lakini nilimwendea Mheshimiwa asubuhi nikamwomba jambo, naye amekubali. Bibi Sophia, tafadhali njoo mbele, ushike mkasi pamoja naye. Najua umesema hukupata nafasi ya kubadili kanga, na kwamba unanuka moshi. Njoo hivyo hivyo, bibi. Fremu zetu ndivyo zinavyonuka, na ndivyo zilivyoshinda.

Kwa kunitegea sikio, wakubwa wangu na wenzangu, asanteni sana.