Ukurasa wa Pingamizi Haufunguki

Wewe unayesoma, nawe ungegeuza uso dirishani usihusike, kama tulivyofanya sote ndani ya Noah ya abiria iliyotoka Kikatiti leo asubuhi.

Mama Tabea alikuwa akihangaika na simu. Leo ndiyo mwisho wa kupinga mipaka mipya ya ofisi ya ardhi iliyokata kihamba chake, shamba la ukoo, na pingamizi linapokelewa kwenye tovuti tu, nayo haikufunguka.

"Umefuta kumbukumbu za kivinjari, mama?" akauliza Gadiel, kijana aliyekaa naye. "Nimefuta." "Tarehe ya simu?" "Iko sawa." "Basi simu hii imezeeka kuliko mimi." "Imezeekea pingamizi tu, mwanangu? Mbona habari za mpira inafungua?"

Gadiel akajaribu kwenye simu yake, laini nyingine. Ikagoma vilevile. "Labda watu wamezidi kwenye tovuti," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Au wametufungia," akajibu Mama Tabea. "Wazungu walipomhamisha bibi yangu kutoka shambani kwake Ngare Nanyuki, naye aliambiwa asubiri." "Siyo lazima iwe hila, mama." "Nithibitishie kabla ya jioni."

Noah ikasimama stendi. Toa simu yako sasa, ujaribu ukurasa huo. Usipofunguka, njoo tusimame na Mama Tabea mlangoni pa ofisi ya ardhi kabla hawajafunga.