Tera Mbili Zilizopotea

Mbele yangu kwenye treni, mpiga video wa harusi alikumbatia diski mpya kama mtoto mwenye homa, akimlalamikia mwanamke aliyeketi kando yake. "Dada, nimeuziwa diski yenye nafasi ya tera nne, kompyuta inaona mbili! Yule tapeli wa duka la mlango wa buluu leo atanitambua."

Mwanamke huyo, fundi kompyuta mwenye bisibisi mfukoni, akauliza, "Ulipoifomati ulichagua mfumo gani wa kuigawa, MBR au GPT?"

"MBR. Si ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha?"

Nami sijui kitu, lakini hata mimi niliguna.

"Hiyo ya kizamani inaishia tera mbili, kaka. Fomati upya kwa GPT, ile ya kisasa."

"Na runinga kuukuu ya mama mkwe, ninayomwonyeshea video zangu, ikigoma kuisoma? Hapana, tapeli ni tapeli!"

Treni ikasimama. Fundi akainuka. "Haya, tushuke wote. Tapeli wako wa mlango wa buluu ni mume wangu. Twende akakutambue."