Jina la Zamda Halikuwa na Kosa

Sogeeni, wanangu, mkae upande wangu wa kulia, maana huu wa kushoto hata pumzi ya mtu unaisikia. Twalibu, funga mlango wa uani. Mbuzi wa akika kesho tutamla sisi, asije akaanza leo kunilia shuka. Namshukuru Mola kwa miaka sabini na miwili; nimeshona kanzu za maharusi na sanda za wazazi wao, na sina ninachonung'unikia. Lakini kesho binti yako anatimiza siku saba na kupewa jina, na neno langu linahusu jina hilo, haliwezi kungoja.

Mama yangu aliitwa Zamda, akafa kwa uvimbe wa ziwa mimi sijatiwa jandoni. Kwa desturi yetu jina la marehemu haliachwi chini, huokotwa na mjukuu, kwa hiyo kaka yangu akamwita bintiye Zamda, naye hakufika miaka arobaini, ugonjwa uleule. Wazee wakakaa barazani wakasema: jina hili lina maradhi, lizikwe. Likazikwa. Alipozaliwa dada yenu, ambaye kwa haki ndiye angekuwa Zamda, tukamwita Mwanne, tukala ubwabwa tukiamini tumeuacha ugonjwa makaburini.

Hilo ndilo kosa letu, nami nilikuwamo. Mwanne alipoona kipunje kwenye ziwa aliniambia akicheka, "Baba, mimi si Zamda," nami nikamjibu, "Kweli mwanangu, wewe si Zamda," nikaendelea kukanyaga cherehani. Ikapita miezi minane. Alipolala kitandani nikamtafuta mchawi, nikampata karibu: mama yenu mkubwa Mwanahawa, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa akimkanda. Nikamfukuza mbele za watu. Alipohamia kijiji cha ujamaa kule Kigwa nikasema, mnaona, mwenye hatia hukimbia. Kumbe kitongoji chao chote kilihamishwa, hata kuku.

Mwanne tukamzika. Mwaka haukuisha, uvimbe ukanitoka mimi, upande huu wa kushoto. Daktari akasema ni saratani ya ziwa. Nikamwuliza, "Daktari, tangu lini jogoo akataga?" Sista Tekla, muuguzi wake, alicheka hadi akashika meza, kisha akanyamaza, maana daktari hakucheka. Akaniuliza juu ya mama, juu ya binti wa kaka, juu ya Mwanne, hata juu ya mama mdogo aliyekufa kwa kuvimba tumbo, ambaye sisi tulidhani lake ni jambo jingine. Akasema wataalamu bado wanachunguza, lakini wameona koo za watu ambamo saratani za ziwa na za vifuko vya mayai ya uzazi hufuatana kizazi kwa kizazi, na baba huweza kuirithisha hatari hiyo sawa na mama.

Nikamwelewa kwa kazi yangu. Kigezo cha karatasi cha kukatia nguo kikiwa na mpasuko, fundi anayekinakili hunakili na mpasuko wake. Mtoto huchukua nusu kwa baba, nusu kwa mama. Huyu akaupata mpasuko, yule akaukosa, na aliyeupata si lazima augue, ila aangaliwe kuliko wengine. Na wengi wanaougua saratani hawakurithi kitu. Bibi wa mama yangu alizaliwa safarini, kambi ya misafara ya Tura, baba yake akibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Watu wale walijua uzito wa kila mzigo, ila huu haukugusa bega la mtu. Mimi ndiye niliyempa Mwanne mpasuko huo. Sikujua, na Mungu anajua kuwa sikujua, ndiyo maana moyo wangu umetulia.

Sasa shikeni haya. Nyumba na shamba la Itetemia shehe atawagawia kwa mafungu aliyoyaweka Mungu. Cherehani nakupa wewe Batuli, binti yangu, leo, ningali hai. Twalibu, panda treni uende Kigwa, umwambie Mwanahawa kwamba shemeji yake alimdhulumu na anaomba radhi, na usirudi bila yeye. Batuli, usinitazame miguuni, nitazame usoni. Jumatatu nenda kwa Sista Tekla akupapase kifua, Jumatatu hii, si baada ya arobaini yangu. Na uwe unarudi hata kama huumwi, maana kipunje hakiumi, ndio ujanja wake. Twalibu, nawe vilevile. Jogoo hutaga, mwanangu.

Maji kidogo... Ahsante.

Mtoto huyu mwiteni Zamda. Tulipolizika jina tulizika na habari zake. Akikua atauliza kwa nini anaitwa hivyo, nanyi mtamsimulia yote, ajue la kuangalia. Mleteni. Hapa, mkono wa kulia. Mungu awape umri, awape macho ya kuona mapema, awaunganishe... Semeni amina. Mmesema? Sikusikia vizuri.

Zamda. Ah, ana nguvu huyu, kanikamata kidole. Mwacheni... msimbandue.