Bahasha za Kahawia: Maisha ya Beryl Ormerod, 1946–2024

Glenys Clegg ameomba uvumi wake usomwe kwanza, kabla hata ya tarehe ya kuzaliwa. Anasema aliusambaza mwenyewe, basi auone ukizikwa. Uvumi ulikuwa kwamba Beryl Ormerod wa namba kumi na saba, Mtaa wa Thornfield, alikuwa mtu wa halmashauri. Kwamba ile meza yake ya Jumanne kwenye ukumbi wa kanisa ilikuwa mtego: unamwonyesha barua zako za kodi, anapeleka jina lako, wiki ya pili unaitwa mahakamani.

"Miaka thelathini na ushei amekula kwao," Glenys alikuwa akiwaambia wenzake kwenye foleni ya duka la mikate. "Mnadhani chai anayowapa ni ya bure?"

Chai ilikuwa ya bure. Biskuti ndizo alizokuwa akizihesabu.

Beryl alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Novemba 1946 hapa Bacup, mtoto wa pili wa Edna na Clifford Lord. Baba alichonga mawe machimboni. Mama alishona ndara za manyoya kiwandani, na zile zilizokataliwa alizileta nyumbani, hivyo watoto walikua wakivaa ndara mbili zisizofanana. Mpaka uzee wake Beryl hakuona ajabu kutoka kuchukua maziwa mlangoni na mguu mmoja mwekundu na mmoja wa buluu.

Alisoma shule ya kanisa karibu na mto, kisha sekondari, akaacha mwaka 1962 akiwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu wake aliandika kuwa mwandiko wake ni mzuri na mdomo wake haupumziki. Kwa misimu miwili ya baridi alikwenda masomo ya jioni kujifunza kupiga taipu.

Aliajiriwa katika ofisi ya kiwanda cha ndara, na mwaka 1974 akaingia ofisi ya kodi ya halmashauri, akakaa huko hadi alipostaafu 2006. Hapo ndipo uvumi ulipopata miguu, maana ni kweli kwamba barua nyingi za kuwakumbusha watu kodi ya halmashauri, inayotozwa kila nyumba, zilipita mikononi mwake. Hakuwahi kulikana hilo. Alisema huko ndiko alikojifunza kwamba wengi wasiolipa si wakaidi, wanaiogopa ile bahasha ya kahawia. Barua ya kwanza ndiyo ya upole kuliko zote, na ndiyo wasiyoifungua.

Tarehe 6 Juni 1970 aliolewa na Wilfred Ormerod, dereva wa basi. Walijuana siku Wilf aliposimamisha basi mahali pasipo na kituo, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na alimwona msichana amekumbatia taipureta kama mtoto mchanga. Abiria walinung'unika. Wilf akawaambia hicho ni kituo kipya. Walijaliwa watoto wawili, Stephen na Judith. Wilf alifariki mwaka 2011.

Mwaka 2013, kila halmashauri ilipoanza kujipangia nafuu ya kodi kwa wenye kipato kidogo, Beryl aliomba meza ukumbini, ile iliyo karibu na kipasha joto. Kila aliyeketi, Beryl alimuuliza swali lile lile: "Umeomba serikalini, sawa. Halmashauri je, umeomba?" Wengi walikuwa hawajaomba. Walidhani ukishapewa msaada wa serikali, na kodi inajipunguza yenyewe. Haijipunguzi. Ni fomu nyingine, mlango mwingine.

Glenys naye alidhani hivyo. Mumewe Trevor alipofariki Agosti iliyopita, alibaki na saa chache za kupanga bidhaa dukani na msaada mdogo wa serikali. Kodi ya halmashauri ikaendelea kuja kama vile hakuna kilichobadilika. Akaacha kuzifungua barua. Ya mwisho ilimtaka afike mahakamani Alhamisi tarehe 14 Machi, na hiyo pia hakuifungua. Kwenye meza ya Beryl angekwendaje, wakati yeye ndiye aliyewakataza wengine?

Mjukuu wa Beryl, Leanne, anayesoma maneno haya, alipita kwa Glenys mwezi Februari kurudisha bakuli. Aliona mkate umewekwa juu ya kisanduku cha mkate, si ndani yake. Jioni alimweleza bibi yake.

Wakati huo Beryl alikuwa kitandani. Saratani ya kongosho iligunduliwa Novemba 2023, na kuanzia Januari alitunzwa katika nyumba ya wagonjwa, ambako aliwauliza wauguzi mmoja mmoja kama wanapata nafuu zao zote. Wawili walikuwa hawapati. Alifariki kwa utulivu Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, alfajiri, Judith akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka 77.

Jana ndiyo ilikuwa ile Alhamisi ya Glenys. Hakwenda mahakamani, wala hakuhitajika. Fomu ya halmashauri, aliyoijaza hatimaye, ilipokelewa, nafuu ikahesabiwa tangu Trevor alipofariki, na wito ukaondolewa. Alishinda nyumbani akioka keki mtakazokula leo, na mkate wake sasa unalala ndani ya kisanduku, mahali zilipokuwa zile bahasha.

Beryl ameacha mwanawe Stephen na mkewe Donna. Binti yake Judith. Mjukuu wake Leanne. Kitukuu wake Alfie, mtoto wa Leanne, mwenye miezi kumi, anayeng'ata ratiba ya ibada hii mstari wa mbele. Na meza karibu na kipasha joto. Mungu amlaze pema, na ampe ndara zozote apendazo.

Limebaki la ile jioni ya Februari. Leanne alipomaliza kusimulia habari ya mkate, bibi alimwambia aende kwa Glenys kesho yake, asitaje nani kamtuma, amwambie tu kwamba mkate utakauka pale juu. Leanne akainuka, akachukua koti.

"Kaa kwanza, mwanangu," bibi akamwambia. "Watu mia wamepita jikoni kwa Glenys, hakuna aliyeuona mkate. Wewe umeuona. Bahasha za kwako umezificha wapi?"

Leanne alimwangalia Alfie aliyekuwa amelala kwenye kigari. Akasema, chini ya godoro la mtoto.

"Zilete kesho. Macho yangu yamechoka, sitaweza. Utanisomea wewe, kwa sauti, moja baada ya moja, mimi nikusikilize."