Mizinga Isiyo na Mwenyewe

Mwenyekiti amenipa dakika kumi na amenionya nisimtaje mtu kwa jina. Sawa. Sitamtaja mtu. Ila mwenye mambo yake akijisikia kukohoa, akakohoe nje.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Magesa. Nimezaliwa Butiama, nikaolewa hukohuko, upande wa pili wa mlima. Leo nimeamka alfajiri nikapanda basi mpaka hapa Kabasa, kwa sababu nyie wafuga nyuki wenzangu wa Bunda mmeniomba nije niseme yaliyonipata. Lakini mimi nawajua. Mmesikia nusu, mnataka nusu iliyobaki. Haya, leo mtaipata yote, na sehemu yenye aibu ndiyo yangu mwenyewe.

Baba yangu, ambaye tulikuwa tunamwita Tata, alikuwa na mizinga ya magogo juu ya mlima. Kaka zangu waliogopa nyuki wakakimbilia ziwani kuvua sangara. Akabaki na mimi. Siku zile mwanamke kupanda mti ilikuwa maneno ya kijiji kizima, kwa hiyo alikuwa ananichukua wakati watu wako kwenye pamba. Alinifundisha kuchonga gogo, kulipaka nta ndani ili kundi livutike, kuvuna na kuwaachia nyuki masega ya kula. Halafu akanifundisha kunyamaza. Alisemaga, "Mzinga ulioonekana umeshaibiwa." Kwa hiyo mzinga wa Tata haukuwa na alama, haukuwa kwenye njia, na hakuna aliyeambiwa uko mti gani.

Tata alipofariki nikabaki na mizinga ile, nikaongeza ya kwangu. Ikafika ishirini na mmoja. Ndugu zangu, nawaambia, miaka kumi na saba nimeolewa, na mume wangu hakuwahi kuuona hata mzinga mmoja. Mnacheka! Cheka tu, mama, wewe pale mbele. Yeye ni seremala, anashinda Bweri kule Musoma akitengeneza milango ya nyumba mpya, anarudi Jumamosi. Alikuta asali ndani, akala, akanisifu. Akiuliza inatoka wapi nilikuwa namjibu, "Kwa nyuki." Watoto walisoma kwa asali ile. Nilikuwaga najiona mjanja sana.

Sasa, mwaka ule wa shida nilipanda mlimani asubuhi na ndoo zangu. Kabla sijafika nikasikia harufu ya nta iliyoungua. Nikaanza kukimbia. Mzinga wa kwanza ulikuwa chini, umepasuliwa kwa shoka. Wa pili umechomwa. Wa tatu umechomwa. Mizinga kumi na nne, ndugu zangu. Mwizi wa asali asiyejua kuvuna anawasha nyasi kavu mdomoni mwa mzinga, nyuki zinakufa, anazoa anachotaka anaondoka. Nyuki zilikuwa zimelala chini chungu nzima, nyeusi. Zilizosalia zimeng'ang'ania tawi tupu, hazina pa kuingia. Nikakaa chini pale nikalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na kwa kweli nilikuwa nimefiwa mara ya pili na Tata.

Nikafuata nyayo na matone ya asali mpaka nyumbani kwa mtu. Ni jirani, tunazikana. Ndoo mbili uani, asali imechanganyika na majivu, imejaa majana, watoto wa nyuki weupe wanaelea. Mfugaji gani anavuna majana? Nikapiga kelele watu wakaja, mwenyekiti wa kitongoji akaja, tukaenda polisi na ndoo zote mbili na mwenye ndoo. Nikasema moyoni, huyu kwisha.

Polisi akafungua daftari. "Mama, mizinga yako ina alama gani?"

"Haina. Inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

Nikamwambia, "Na mimi." Akaniangalia, akaandika. Nadhani aliandika hivyohivyo.

Kesi ikaenda mahakama ya mwanzo. Yule bwana akasimama mkavu kabisa, akasema asali ni yake, kavuna kwenye mizinga yake huko mlimani, na mimi sijui habari za nyuki, mimi ni mke wa seremala. Hakimu alikuwa mama mmoja mpole. Akaniuliza nina shahidi gani aliyewahi kuiona mizinga hiyo nikiihudumia. Nikamtaja mume wangu. Ningemtaja nani tena?

Mume wangu akasimama kizimbani, amevaa shati lake la kanisani. Hakimu akamuuliza, "Wewe umewahi kuiona mizinga ya mkeo?"

Akasema, "Hapana, mheshimiwa. Mimi nimeiona asali."

Watu wakacheka mahakamani. Hata karani alicheka. Yule mume wangu aliinamisha kichwa, na mpaka leo nikikumbuka shingo yake ilivyoinama naona uchungu. Hakimu akasema anaamini nimeumia, lakini haikuthibitika mizinga ilikuwa ya nani. Mtu wangu akaachiwa. Akapita mbele yangu mlangoni akasema, "Pole, jirani." Pole! Kwa mdomo uleule uliolamba asali ya Tata.

Kuanzia siku ile nilikuwa naimba wimbo mmoja: sheria haipo. Kisimani, sheria haipo. Kanisani, sheria haipo. Afisa nyuki wa wilaya alinikuta mnadani akaniambia, "Mama Magesa, sheria ya nyuki ipo. Kuiba au kuharibu mzinga wa mtu ni kosa. Ila lazima ijulikane ni wa nani. Njoo tusajili ile saba iliyobaki." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia mnataka muandike ilipo ili mkaibe na nyie. Alikuwa ananisaidia, jamani, na mimi nikamtukana mbele ya wauza mbuzi.

Sasa hapa ndipo aibu yangu inapoanza, mnisikilize vizuri.

Nyuma ya shamba la mihogo la yule jirani kuna kimsitu. Nikagundua anaingia mle mara kwa mara. Nikachungulia nikaona mizinga sita imening'inia. Nikasema, kumbe! Hii ndiyo aliyoisema mahakamani. Sikupata usingizi wiki nzima kwa furaha mbaya. Nikasubiri siku ya mnada, kijiji kimebaki na kuku tu. Saa saba mchana, jua kali, nikaingia na mafuta ya taa na kiberiti. Sikuchukua bomba la moshi la kutulizia nyuki. Sikuvaa nguo za kazi. Mimi, niliyefundishwa na Tata, nilienda kwa nyuki kama kichaa, mchana, na moto mkononi. Nikachoma yote sita.

Nyuki zikanipata. Zile ambazo hazikufa zilinivamia usoni. Nikafika nyumbani macho yamefumba kabisa, midomo imekuwa kama maandazi. Jioni watu wanarudi mnadani, wananikuta nimekaa mlangoni na sura ile. Kijiji kizima kinajua mimi siumwagi na nyuki. Sikuhitaji shahidi, uso wangu ulikuwa shahidi tosha.

Na mizinga ile, ndugu zangu, haikuwa yake.

Ilikuwa ya mzee mmoja wa kijiji cha jirani. Aliitundika mle kwa kibali cha serikali ya kijiji, kila mzinga umepigwa chapa ya moto ubavuni, herufi tatu za jina lake na namba. Chapa zilikuwepo mbele ya macho yangu, na mimi sikuangalia, kwa sababu kwetu mzinga haukuwa na alama. Yule jirani alikuwa anaingia mle kufanya nini? Mnajua nyie. Alikuwa anamwibia mzee pia.

Mzee hakuja kupiga kelele kwangu. Alienda polisi na karatasi zake: kibali, orodha ya mizinga, barua ya mtendaji wa kijiji, majina ya majirani watatu walioonyeshwa kila mti. Wiki haikuisha nikawa nimekamatwa. Ndugu zake na ndugu zangu wakaenda kumwomba tuyamalize nyumbani, wakamwahidi ng'ombe. Akawaambia, "Hapana. Akasemee palepale anaposema sheria haipo."

Mahakama ileile. Hakimu yuleyule. Benchi lilelile, ila safari hii nimekaa upande ule mwingine. Nikasomewa kuharibu mali kwa makusudi. Kesi ya kwangu mwenyewe ilihangaika miezi ikafa. Hii ilisimama na miguu yake yote minne. Nililia mle ndani, na nisiwadanganye, sikulia kwa kutubu. Nililia kwa hasira. Sheria niliyoitafuta kwa machozi nilikutana nayo, ikiwa ya mwenzangu, na mimi ndiye mkosaji.

Nilikiri. Nikaamriwa kurudisha mizinga sita na kutumikia jamii, nikafagia uwanja wa zahanati miezi mitatu. Wagonjwa wananipita, "Huyu ndiye mchoma nyuki." Yule jirani naye akipita ananisalimia kwa heshima zote. Nafagia, naitikia.

Mume wangu ndiye aliyetengeneza mizinga ile sita, ya mbao, ya kisasa, usiku na mchana karakanani kwake kule Bweri. Hakunigombeza. Alipomaliza kupigilia mfuniko wa mwisho akasema tu, "Ungeniambia mapema, ningekuwa nimekutengenezea ishirini." Akaenda kunawa. Afadhali angenipiga.

Tukaipakia kwenye toroli la pikipiki tukampelekea mzee. Akaikagua mmoja mmoja, akagonga mbao, akanusa. Halafu akachukua chuma chake cha chapa akakiweka motoni. Kilipoiva akanipa mimi. "Piga wewe." Nikapiga herufi zake kwa mkono wangu, mzinga wa kwanza mpaka wa sita, moshi unaniingia machoni. Nilipomaliza akaniuliza, "Na yako je, ina chapa?"

Nikasema haina.

"Basi anayekuchomea hana kosa," akasema. "Anachoma magogo ya mlimani."

Ndugu zangu, maneno yale yalinikata kuliko hukumu. Maana ni kweli. Baba yangu nilimpenda, na alinifundisha vizuri kila kitu, ila hilo moja alikosea, na mimi nikaling'ang'ania kama Biblia. Tulikuwa tunawaficha wezi mizinga yetu? Wezi ndio waliojua mizinga ilipo! Tuliowaficha ni mashahidi.

Mzee akanikutanisha tena na yule afisa nyuki niliyemtukana. Nikamwomba radhi. Nikatengenezewa chuma changu. Siku ya kuonyesha mizinga tulipanda mlimani mimi, mume wangu, mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji na majirani watatu. Kila mti niliousogelea nikisema "huu hapa," nilijisikia kama navuliwa nguo. Mtendaji anaandika. Mume wangu anaangalia juu, mdomo wazi. Kwenye mti wa mwisho akaniuliza, "Huu nao unapandaga mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mke wangu, wewe!" Ndiyo siku pekee katika habari hii yote niliyocheka.

Mwaka uliofuata mzinga wangu mmoja ukabebwa mzima mzima. Ukakutwa kwenye kibanda cha mtu mwingine kabisa, amekwangua ubavu kwa panga na anaapa ni wake. Polisi akaugeuza. Chini kulikuwa na chapa ya pili, mzee alinishauri niipige huko. Mtendaji akaleta daftari, majirani wakaja. Mtu yule alifungwa. Nilifurahi, sitawadanganya kwa kuwa tuko ukumbi wa kanisa.

Yule wa kwanza hajafungwa. Yupo, analima mihogo yake, ananisalimia. Mchungaji wangu ananiambia nisamehe. Namwambia naendelea kujaribu, asinihesabie siku.

Kwa hiyo nililokuja nalo ni hili. Sheria ipo, lakini haitapanda mlimani kukutafutia mzinga wako. Kapigeni chapa, ubavuni na chini. Chukueni kibali. Waonyesheni majirani, mtendaji aandike, na jamani, waonyesheni waume zenu na wake zenu. Na ukichomewa, kaa na hasira yako nyumbani, usitoke nayo na kiberiti. Unaweza ukakuta unamchomea mtu ambaye hajawahi kukukosea.

Namshukuru mume wangu, yuko Bweri kazini, mtamfikishia. Namshukuru afisa nyuki kwa kutonilipizia kisasi. Nawashukuru majirani watatu waliopanda mlima na magoti yao mabovu.

Na namshukuru mzee. Yuko humu ndani, sitamnyooshea kidole. Mzee wangu, asante kwa kunishtaki. Ungekubali wale ng'ombe, ningekuwa bado naimba wimbo wangu kisimani.

Ila niwaambieni ukweli, msije mkaondoka hapa mkidhani tumeyamaliza. Ni mwaka wa tatu huu. Anakuja kwangu, anakagua mizinga, ananirekebisha, ananifundisha kama mwanawe. Lakini hajawahi kula kwangu, hata maji hanywi. Wiki iliyopita amefika asubuhi, ametembea kwa miguu kutoka kijijini kwake, jasho linamtoka. Nikamletea chai na viazi. Akaniambia, "Asante, Mama Magesa, nimeshiba." Saa mbili asubuhi.

Nikabeba kikombe nikakirudisha ndani. Asanteni.