Futari ya Chifu

Kijiwe chetu kiko nje ya karakana ya Zubery hapa Mafinga, pale malori ya mbao yanapogeuzia. Mgeni akitaka kujua sisi ni watu wa namna gani, aangalie dirishani kwanza. Pale kuna tanki la kioo, na ndani yake samaki wekundu wa urembo. Zubery alilitengeneza mwenyewe, fremu ya mbao za paini na vioo vya dirisha, na mpaka leo halijavuja hata tone. Ndiyo maana tunamwita Injinia. Liberatus tunamwita Askofu, kwa sababu anaongoza sala za jumuiya na hajui kunyamaza sala ikiisha. Kalinga zamani alikuwa utingo wa malori ya Tunduma, na kila unachosema yeye keshakiona Tunduma, basi huyo ni Profesa. Mimi wananiita Msumeno, eti nakata maneno ya watu. Si kweli. Mwenye birika la kahawa ni dada Ikupa, na jiko lake la vumbi la mbao analiweka chini ya dirisha makusudi, samaki wetu wapate joto. Nasema samaki wetu, na anayebisha anioneshe kijiwe kingine Mafinga chenye samaki.

Asubuhi hiyo Chifu, yule samaki mkubwa kuliko wote, alikuwa anaelea ubavu. Tumbo limemvimba, jicho moja linaangalia dari. Na siku yenyewe ndiyo ile Jailos anakuja. Jailos ni dereva wa lori kutoka Uyole, kaka wa mke wa Injinia, na kwenye arusi ya ndugu yao alisimama mbele ya wakwe wote akasema Mafinga kitu pekee kinachofugika ni baridi. Watu walicheka mpaka wakamwaga soda. Injinia alirudi kutoka kwenye arusi hiyo akaanza kupima vioo.

Injinia: Shemeji kapiga simu, yuko Igowole anapakia mbao. Mchana yuko hapa. Jamani, mwangalieni huyu.

Askofu: Njaa hiyo.

Injinia: Njaa gani, na tumbo lote hilo?

Askofu: Si ndo hapo. Mtoto mwenye kwashakoo tumbo linakuwaje? Wewe unamnyima.

Injinia: Nimnyime mimi? Yule mama wa Iringa aliyeniuzia alinipa masharti. Alisema, siku moja kwa wiki wafunge, watakuwa na afya. Na mimi nawafungisha kila Alhamisi, sijaruka hata moja.

Mimi: Unawafungisha vipi?

Injinia: Kama watu. Alfajiri kabla ya adhana nawapa daku, tena ya kushiba, maana mchana ni mrefu. Wanashinda hivyo hivyo. Magharibi ikiingia nawafuturisha.

Mimi: Kwa kitu gani?

Injinia: Kwani mfungaji anafuturu kwa maneno? Tambi, na kiazi cha kuponda. Chifu anapenda tambi.

Askofu aliweka kikombe chini taratibu. Nilijua kuna neno linakuja.

Askofu: Mbona mimi nawafungisha Ijumaa?

Injinia: Wewe? Kwa ruhusa ya nani?

Askofu: Ulipotuambia wafunge, nikasema huyu hajui siku. Siku ya kufunga ni Ijumaa, tangu enzi za babu. Tatizo lilikuwa moja tu. Sisi Ijumaa tunaacha nyama, tunakula samaki. Sasa samaki mwenyewe aache nini? Nikaona nimfunike turubai, asitamani. Jioni namfunua, nampa andazi la pole.

Injinia: Kumbe lile turubai ni wewe. Na mimi nimemgombeza mke wangu.

Askofu: Mwombe radhi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mimi: Mwenye shibe hapa ni nani?

Profesa alikuwa anachekea pembeni, kicheko cha mtu aliyeona mengi.

Profesa: Nyote mmekosea neno. Mama wa watu alisema wafunge. Hakutaja njaa. Alimaanisha kamba.

Injinia: Kamba?

Profesa: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu kaja kutoka Iringa, bado mgeni. Ukimfunga kauzi laini hapa shingoni, ukakafunga juu, ataelea wima. Tunduma wanafanya hivyo.

Mimi: Samaki ana shingo?

Profesa: Msumeno, usinikate. Samaki mkunje angali mbichi. Nyie hamkumkunja, sasa kajikunja mwenyewe. Halafu mjue kitu kimoja. Samaki hali hivyo mnavyompa. Hiyo tambi ni mboga. Ugali wake ni maji. Mkitaka afunge kwelikweli, mpunguze maji.

Injinia: Ukigusa maji yale tutagombana, Profesa. Nakwambia mapema.

Alisema bila kupandisha sauti. Injinia alikwenda dirishani akaweka kiganja juu ya kioo. Mkono ule umepasua magogo ya Sao Hill miaka yote, na pale juu ya kioo ulikuwa kama unampima mtoto homa.

Injinia: Nyie mnacheka. Chifu akifa leo, hilo neno la baridi nitalisikia mpaka siku nikizikwa. Watasema, hapa amelala Zubery, alitaka kufuga samaki Mafinga.

Askofu: Hutasemwa peke yako. Hili benchi tumekaa wote.

Nilifurahi aliposema hivyo, maana Askofu si mtu wa kukubali kushiriki kitu.

Honi ikapigwa barabarani. Jailos akashuka kwenye lori, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akatusalimia "kamwene" kwa kuturingia Kihehe chake cha kuokota. Ikupa akammiminia kahawa. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tanki, akapitisha kidole gumba kwenye kona zote nne, akainama akaangalia chini.

Jailos: Halivuji.

Injinia: Halivuji, shemeji.

Jailos: Umetumia vioo vya dirisha?

Injinia: Na paini ya hapa hapa.

Wote tukakaa wima. Profesa alifunga mpaka kifungo cha juu cha koti. Ningekuwa na wajukuu ningewaita waje waone Uyole ilivyonyamaza.

Jailos: Na huyu mkubwa, mbona kalala?

Profesa: Anapumzika.

Injinia na Askofu: Kafunga.

Walisema pamoja, kama wanaitikia sala moja. Jailos aliwaangalia mmoja mmoja.

Jailos: Haya. Mara ya mwisho kula ilikuwa lini, na alipewa na nani?

Swali lenyewe hilo tu. Injinia alianza kukwangua kiazi kilichomganda kwenye kucha. Askofu alikuwa anapangusa makombo ya andazi kwenye goti, na andazi lenyewe lilikuwa limebaki nusu. Profesa alianza kutafuta kitu mfukoni, mfuko ukamwaga karanga. Mimi niliangalia ndani ya kikombe changu, maana mkate wangu wa asubuhi haukuwa na maganda, na maganda siyapendi, lakini pia siyatupi, Chifu anayajua.

Ikupa: Mimi nampa vumbi la kashata kila nikipita. Nilidhani hakuna anayemkumbuka.

Askofu: Hata mimi nilidhani ni mimi peke yangu.

Injinia: Kwa hiyo huyu hana njaa.

Mimi: Na hajawahi kuwa nayo.

Injinia akageuka kumkabili shemeji yake. Nilimwona anajiandaa kuchekwa.

Injinia: Shemeji, umeona mwenyewe. Si baridi. Kavimbiwa.

Jailos alivua kofia akakuna kichwa. Kicheko kilimjia, lakini hakikuwa kile cha arusini.

Jailos: Sasa Uyole nitawaambia nini? Kwamba Mafinga samaki wanaumwa shibe?

Injinia: Waambie hivyo hivyo. Usipunguze neno.

Akaleta ubao wa paini alioupiga randa mwenyewe, akaufunikia juu ya tanki, akaukalishia tofali.

Injinia: Leo kafunga, na kesho. Bila daku.

Askofu: Na futari?

Jailos akatoa mfukoni biskuti aliyokuwa kawanunulia samaki njiani, akaiangalia, Ikupa akamnyang'anya. Chifu alijisogeza ubavu ubavu mpaka kwenye kioo, akafungua mdomo, akafumba, akafungua, kama anavyofanya kila akituona. Mikono ya benchi zima ikaingia mifukoni.

Injinia: Mikono nje.

Tukaitoa. Ikupa akainamisha birika, halikutoka kitu.

Ikupa: Na nyie mmefunga.